Swali: vilima vya mbele ya Himalaya ni milima iliyozeeka?

Msomaji kauliza: "Mkuu, nikiangalia ramani ya Nepal naona kabla ya kufika Himalaya yenyewe kuna mistari miwili ya milima mifupi. Hiyo ni milima ya zamani iliyolika na mvua ikabaki hivyo, au?"

Hapana mkuu, tena ule wa mbele kabisa ndo kitinda mimba wa ukoo mzima. Unaitwa Siwalik, Wanepali wanauita Churia, na sehemu kubwa haufiki hata mita 1,500. Pale barabara ilipokata kilima utaona kokoto za mviringo, laini kabisa, zimeshikana na mchanga, nyingine unazing'oa kwa vidole. Sasa kokoto za mtoni zimepandaje kilimani? Ni hivi, Himalaya ilivyokuwa inainuka mito ikawa inaibomoa na kumwaga kifusi miguuni pake, mamilioni ya miaka, mpaka kikafika unene wa kilomita kadhaa, halafu India, yaani bamba kubwa la mwamba lililobeba nchi hiyo, ambalo mpaka leo linaingia chini ya Himalaya kama sm 2 kwa mwaka, likakisogeza kile kifusi mpaka kikajikunja, kama udongo unavyotuna mbele ya tingatinga. Yaani Siwalik ni Himalaya ile ile, ilibomoka ikainuliwa tena.

Mstari wa pili, Mahabharat, hiyo stori nyingine. Ni mrefu zaidi, unakaribia mita 3,000, na mawe yake ni magumu na ya zamani sana kuliko hata huko kugongana kwa India na Asia kulikoiinua Himalaya. Mito inapata shida kuupita, inatambaa ubavuni mpaka ipate upenyo, ndo maana maji mengi ya Nepal yanatokea kwenye milango michache tu, ya mito ya Karnali, Narayani na Kosi.

Katikati ya hiyo mistari miwili kuna mabonde mapana, moja ndo Chitwan kwenye vifaru. Mto Rapti pale ukitoka mlimani unakutana na ukuta wa Siwalik, unakata kona kwenda magharibi kutafuta Narayani.

Na ukitaka kununua shamba huko (natania), ujue kifusi hakishiki maji. Mvua ikinyesha Siwalik inaporomoka hovyo, na chini yake kuna ukanda wa changarawe unaitwa Bhabar ambako vijito vinazama ardhini unabaki unaangalia mawe makavu, halafu ukisogea kusini kidogo, kwenye tambarare inayoitwa Terai, maji yale yale yanachipuka yenyewe shambani.