Maseri mbili au maseri mawili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Masaka. Nimeandikia klabu yetu ya sayansi hivi: "Wanajimu walitafuta maseri mawili ya maji yaliyong'aa katika galaksi ya jirani." Maseri (maser kwa Kiingereza) ni kama leza, ila hukuza mawimbi ya redio badala ya mwanga. Mwenzangu wa Kiswahili anasema ni "maseri mbili za maji". Nani yuko sahihi? Na mbona tusiseme "meza", maadamu tunayo leza?

JIBU: Mwenzako, mwalimu. Hiyo ma- ni mwanzo wa jina lenyewe, si kiambishi cha wingi. Hakuna seri moja. Angalia mashine na maili: hakuna asemaye "shine moja", na njia ni maili mbili, si maili mawili. Kwa hiyo maseri hii imenaswa, maseri hizi zimenaswa. Anayekua akisikia eggi (yai) na amagi (mayai) katika Luganda huwa mwepesi wa kuona wingi kwenye kila ma-, ndiyo maana kosa hili halikosekani kwetu Uganda.

"Meza" ingefuata leza vizuri kabisa, ila ukiandika "meza ya maji" mwanafunzi ataulizia bilauri. Iache.

Nimeandika "imenaswa" kwa makusudi. Molekuli za maji zilizosisimuliwa angani hukuza mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 1.35 hivi, na jicho haliyaoni, kwa hiyo "kung'aa" kutawapotosha vijana. Mawimbi hunaswa, kama tunavyonasa stesheni. "Wanajimu" nao wabadilishe wawe wanaastronomia, kwa sababu mnajimu wa wasomaji wengi ni yule anayekutabiria ndoa kwa nyota. "Galaksi ya jirani" si kosa, lakini mimi huisikia kama mbuzi wa jirani, mali ya mtu. Napendelea "galaksi jirani".

Ukitaka sentensi yenye tukio la kweli, andika: "Mwaka 1977 wanaastronomia waliripoti maseri ya maji ya kwanza kunaswa nje ya galaksi yetu, ilikuwa katika galaksi jirani ya M33, na ilinaswa kwa darubini ya redio ya Effelsberg, Ujerumani, yenye kipenyo cha mita 100."

Zile zenye nguvu kubwa mno, kama ile ya galaksi ya Arp 220, ambayo ni ya hidroksili (molekuli ya oksijeni moja na hidrojeni moja) wala si ya maji, huitwa megamaseri. Ngeli haibadiliki: megamaseri hii, megamaseri hizi.