Mama anaficha kikohozi asizuiwe kwenda Hija

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Ujiji, Kigoma. Mama yangu amejiandikisha kwenda Hija. Jirani kamwambia kuchanjwa ni kupungukiwa na tawakkul (kumtegemea Allah), eti mgeni wa Allah halindwi na sindano. Tena anakohoa wiki ya tatu sasa, na anaficha asije akazuiwa. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. La chanjo ni jepesi. Saudi Arabia inadai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Sharti hilo limetokana na misiba: mwaka 1987, na tena 2000, mahujaji walirudi makwao na ugonjwa ule, ukawapata hata jamaa waliobaki nyumbani. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipogeuza safari ya Sham (eneo la Syria) kwa sababu ya tauni, sahaba mwenzake Abu Ubayda alimuuliza: unakimbia kadari ya Allah? Akajibu: tunakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Jirani yako hamzidi Umar kwa tawakkul.

Kikohozi ndicho kinachonitia hofu. Kikishafika wiki mbili, madaktari hutaka kipimo cha kifua kikuu. Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na wazima, itakuwaje kwa waja wa Allah? Fikiria treni mpaka Dar es Salaam, kisha ndege, kisha hema la Mina, kambi ya mahujaji karibu na Makka, ambamo watu hulala bega kwa bega, na wengi wao ni wazee kama yeye. Kuficha hapo ni kuwadhuru wenzake, na hakuna hijabu ya ibada inayofunika dhulma hiyo. Mwambie kwa upole, maana najua moyo wake umeshafika Makka.

Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Akikutwa nacho, tiba yake kwa kawaida ni miezi 6. Mwaka huu hatakuwa na dhambi kwa kubaki: Qur'ani (3:97) imeiwajibisha Hija kwa awezaye njia, na afya imo humo. Wala msikimbilie kumtafutia wa kumhijia. Hija ya badali ni ya asiyetarajiwa kupona, na kifua kikuu kinapona. Mpeleke kesho asubuhi, kabla hajamalizia malipo ya safari.