Kwa Binti Aliyeniuliza Kuhusu Elabuga

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja wa Morogoro aliyemaliza kidato cha sita, akitaka kujua kama mji wa Elabuga, nchini Urusi, ni mahali pazuri pa kuishi. Alikuwa ametumiwa tangazo la kazi na mafunzo katika eneo la viwanda lililo nje kidogo ya mji huo, likiahidi tiketi ya ndege, malazi na mshahara wa kila mwezi, na aliyemtumia alimhimiza afanye haraka kwa kuwa nafasi zilikuwa zinajaa. Alinitafuta kwa sababu alisikia kwamba nilisoma huko. Nimekwisha kumjibu faraghani, lakini kwa kuwa wako wengi wenye hamu ya kutoka kama aliyo nayo yeye, na kama niliyokuwa nayo mimi, nimeona niandike hapa kwa kirefu.

Jibu lenyewe halina mzunguko. Mji naupenda na nitausifu popote. Kazi hiyo usiende kuifanya. Hayo ni mambo mawili, na kinachoniuma ni kwamba siku hizi yamechanganywa kiasi kwamba nikitaja mahali nilipopatia shahada yangu, watu hunitazama kwa mashaka na kuniuliza kama na mimi nilikuwa nikiunda silaha.

Elabuga, ambayo Watatari huiita Alabuga, iko katika Jamhuri ya Tatarstan, kiasi cha kilomita 200 mashariki ya Kazan, kwenye ukingo wa kulia wa mto Kama, karibu na pale mto mdogo wa Toyma unapoingia. Wakazi wake ni 70,000 na ushei, wengi wao Warusi na Watatari. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1780, enzi za Malkia Catherine, ukaneemeka kwa biashara ya nafaka, na matajiri wake wa ukoo wa Stakheev wakajenga makanisa na shule ambazo zimesimama hadi leo. Jengo nililosomea mimi lilijengwa kwa fedha za ukoo huo kuwa shule ya kanisa ya wasichana. Sasa ni tawi la Chuo Kikuu cha Kazan. Mchoraji Ivan Shishkin, ambaye misitu yake ya misonobari kila Mrusi anaijua tangu utotoni, alizaliwa hapo mwaka 1832, na ukisimama nje ya nyumba yao unaiona Toyma kule chini na mbuga za majani zikinyooka kuelekea Kama. Mshairi Marina Tsvetaeva alifia katika mji huo Agosti 1941, akiwa miongoni mwa watu waliohamishwa kwa sababu ya vita.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni kwenye mnara wa mawe ulio juu ya genge linalotazama Kama. Ni mabaki ya ngome ya Wabulgari wa Volga, watu waliosilimu mwaka 922, ambao Watatari wa leo wanawahesabu kuwa wazee wao. Mnara ulikuwa umebomoka, na aliyeukarabati mwaka 1867 alikuwa mfanyabiashara Mrusi, Mkristo, baba yake yule mchoraji, ili usianguke wote. Mimi niliyekulia Tanga, nikiwa nimezoea magofu ya msikiti wa Tongoni yaliyo kando ya bahari, nilipofika pale sikujiona mgeni sana.

Nilipopangiwa mji huo, ndugu zangu hawakufurahi. Mjomba wangu alisema mbele ya watu kwamba wenzangu wanapelekwa Moscow mimi napelekwa kufichwa shamba, na maneno yale sijayasahau. Leo natafsiri Kirusi mahakamani na kwenye mikutano ya kibiashara, na kazi hiyo ndiyo iliyomlipia mjomba huyo huyo matibabu ya macho. Nayasema haya kwa sababu vijana wengi mnaamini kwamba bila mji mkubwa hakuna elimu. Wenzangu waliopelekwa miji mikubwa walikaa bwenini na Waafrika wenzao, wakapika ugali wao, wakazungumza Kiswahili na Kiingereza, na baadhi yao walirudi na shahada huku wakishindwa kuandika barua ya Kirusi ya ukurasa mmoja. Elabuga haikunipa nafasi ya kujificha. Ukienda sokoni ni Kirusi, ukipanda daladala ni Kirusi, na ukikaa kimya, muuza maziwa atakuuliza mbona leo umenuna.

Tena ni Kirusi na Kitatari. Mtaani kwangu alikuwapo mama mmoja mzee wa Kitatari ambaye wote tulimwita apa, kama Watatari wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri, na Ijumaa alinikaribisha jikoni kwake kusaidia kutengeneza echpochmak. Unasukuma chapati ndogo ya unga wa hamira, unaweka katikati nyama iliyokatwa vipande vidogo pamoja na viazi na vitunguu, vyote vibichi, kisha unakunja pembe tatu kama za sambusa, lakini juu unaacha tundu. Inapokaribia kuiva ndani ya tanuri, unaitoa, unamimina mchuzi wa moto kidogo kwenye lile tundu na kuirudisha. Apa hakupima kitu. Alishika kijiko cha mchuzi huku akizungumza na jirani yake Mrusi aliyeketi kando ya dirisha, huyu akisema kwa Kirusi na yeye akijibu kwa Kirusi, kisha akinigeukia mimi kwa Kitatari polepole ili nishike. Siku ya Idi sahani ilitoka kwake kwenda kwa jirani. Wakati wa Pasaka mayai ya rangi yalitoka kwa jirani kuja kwake. Hakuna aliyewahubiria kuishi hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayekwenda kusoma katika mji mdogo wa namna hiyo ni kutoka bwenini. Jifunze kusalimia kwa lugha zote mbili. Mwezi Juni nenda kwenye Sabantuy, sikukuu ya Watatari, ukatazame wanaume wakipigana mieleka kwa taulo zilizozungushwa kiunoni mwa mpinzani, na kondoo mzima akibebwa mabegani na mshindi. Habari za baridi sizirefushi: nunua viatu vizuri huko huko, usivibebe kutoka Kariakoo.

Sasa nije kwenye tangazo. Eneo maalumu la kiuchumi la Alabuga lilianzishwa mwishoni mwa mwaka 2005 na kuvutia viwanda vya kila aina. Tangu vita vya Ukraine vianze, humo ndimo zinamoundwa ndege za mashambulizi zisizo na rubani za muundo wa Shahed, wa Iran. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi za Afrika, zikiwamo Uganda, Rwanda na Kenya, waliahidiwa kazi na masomo, wakafika na kuwekwa kwenye kazi ya kuunda ndege hizo. Waliohojiwa walilalamikia saa nyingi za kazi, ulinzi usiokwisha na kemikali zilizowaharibu ngozi. Na vita si habari ya mbali kule: tarehe 2 Aprili 2024 ndege za Ukraine, zikiwa zimeruka zaidi ya kilomita 1,000, zilipiga bweni katika eneo hilo, na zaidi ya watu kumi walijeruhiwa.

Nimewahi kutembea ufukweni mwa mto ule usiku bila hofu yoyote. Kumwona binti wa Kiafrika akivutwa huko kwa sifa ambazo mji ulizipata kwa karne nyingi, ili akaunde vyombo vya kuua watu ambao hawakumkosea, kunanitia uchungu kuliko ninavyoweza kuandika.

Wazazi, soma mkataba pamoja na mwanao kabla tiketi haijakatwa. Ukiwa wa Kirusi, mpelekee mtafsiri asiyelipwa na wakala. Mimi nitausoma bure. Uliza jina la kiwanda, bidhaa inayotengenezwa, na pasipoti itashikwa na nani. Kama ni kazi, nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama mwajiri huyo anajulikana. Kama ni masomo, nenda TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, uulize kama chuo kinatambuliwa, na barua ya chuo iseme wazi kozi, miaka na shahada. Binti wa Morogoro alimuuliza wakala wake hilo swali la bidhaa siku ile ile niliyomwandikia, na hadi ninapoandika haya hajajibiwa.