Mwanangu, umeniuliza siku ya misionari inakaa aje

Mwanangu,

Meseji yako ya jana niliiona saa nane za usiku, mama yako akashtuka akauliza ni nani anatafutana na mtu saa hizo, nikamwambia ni yule wako wa Eldoret amekosa usingizi. Uliniandikia hivi: "Dad, ukiachana na zile shuhuda za Jumapili, siku ya misionari inakaa aje kusema ukweli? Na ushawahi kutaka kutoroka urudi nyumbani?" Halafu chini ukaongeza kwamba askofu amekwambia fomu za kwenda misheni ya kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa watu wanaita Wamormoni, ziko tayari, ni wewe tu, na hujui ujaze ama uache. Nikaanza kukujibu kwa simu vidole vikachoka, nikaona afadhali nikae niandike barua kama watu wa zamani. Basi soma polepole, usiruke.

Siku yenyewe ni hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele inalia, nusu saa ya mazoezi, mimi nilikuwa napiga pushapu kumi na tano halafu najilaza sakafuni najifanya nanyoosha mgongo. Unaoga maji ya ndoo, unakula, saa mbili unasoma maandiko peke yako, saa tatu mnasoma na kompanioni, yule misionari mwenzako unayepangiwa kukaa naye, saa nne mko nje kwa jua. Kurudi ni saa tatu usiku, mnapanga ya kesho kwa kale kakitabu kadogo, saa nne na nusu taa zimezimwa. Nasikia tangu 2017 ratiba imelegezwa kidogo, kila misheni inaangalia mahali ilipo, lakini sisi ilikuwa hivyo miezi ishirini na nne.

Ukisoma hapo utasema ah, hiyo ni bodingi tu. Ni kweli, ila bodingi ulikuwa na kona zako za kujificha, nakujua. Misheni haina kona. Kompanioni lazima awe mahali anakuona na kukusikia, mnatembea pamoja, mnakula pamoja, mnalala chumba kimoja, pa kuwa peke yako ni chooni tu na hata huko anagonga mlango akiona umechelewa. Watu wakiniuliza kuhusu misheni wanataka kusikia habari ya kufukuzwa na mbwa na kufungiwa milango. Mbwa si kitu. Mimi nimelelewa Ukambani, nilikuwa nachunga mbuzi siku nzima sijaongea na mtu, na ghafla nina mtu ubavuni kila dakika, anasafisha koo, anaimba nyimbo za kanisa akikaanga yai. Hilo ndilo lilikuwa gumu na hakuna aliyekuwa ameniambia, ndio maana nakwambia wewe.

Niliondoka Septemba 2004, nikiwa na mashati meupe niliyochagua kwenye mitumba ya Gikomba moja moja nikiangalia kola. Susu wako, mama yangu, alicheka sana siku hiyo. Si unajua kwa Kiswahili cha kanisa misionari wa kiume anaitwa Mzee, sasa watu wa tawi, kale kakanisa ketu kadogo, wakaanza kuniita Mzee huku Mzee kule, na susu akawa anauliza huyu ni mzee wa wapi hajaota ndevu. Pesa hatukuwa nazo, nyumbani tulitoa kidogo tulichoweza na iliyobaki ikalipwa na mfuko wa kanisa wa wamisionari, kwa hivyo usikubali mtu akudanganye ati baba yako alienda kwa sababu ana uwezo.

Nikatua Ghana. Kituo cha mafunzo kilikuwa Tema, wiki chache tu, na wakati huo ndio kile kitabu cha Hubiri Injili Yangu, mwongozo wa wamisionari wa kufundishia, kilikuwa kinatoka, kwa hivyo wale waliotutangulia walikuwa wamekariri masomo kama kasuku na sisi tukaambiwa hapana, fundisheni kwa maneno yenu. Maneno yangu mimi? Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu mtihani. Hapo karibu, Accra, ndipo nilipoingia hekaluni mara ya kwanza, lilikuwa limewekwa wakfu Januari mwaka huo huo. Wewe la kwako liko hapa Nairobi tangu Mei 2025, unapanda matatu unafika, sisi ilibidi tuvuke bara.

Eneo langu la kwanza lilikuwa Takoradi na mkufunzi wangu, yaani kompanioni wa kwanza wa kunionyesha kazi, alikuwa Mnaijeria, mwembamba, anapenda saa kuliko mtu yeyote niliyewahi kuona. Ukiwa umechelewa dakika mbili hasemi kitu, anaangalia saa tu, anairudisha chini ya mkono wa shati. Nilimchukia, nisikufiche. Na chakula nacho kilinipiga chenga. Unajua nyumba yetu haina majani chai, tangu susu aache chai akibatizwa ndugu zake walidhani amerogwa, kwa hivyo hilo la Neno la Hekima, sheria ya kanisa ya kutokunywa chai, mimi halikunisumbua, asubuhi tulikuwa tunanunua koko, ule uji wao wa mawele wenye tangawizi, na kitumbua cha kunde wanaita koose, hapo nilikuwa sawa. Lakini fufu! Nilitafuna. Mama mwenye nyumba akaita watoto waje waone mtu anatafuna fufu. Fufu inamezwa mwanangu, unakata tonge, unachovya, unameza, meno hayahusiki.

Lakini watu wa kule wana adabu ya mgeni inayofanana na ya kwetu mpaka nikawa nasahau niko mbali. Ukifika unaletewa benchi, unapewa maji, yale ya kwenye kipakiti cha plastiki unang'oa pembe na meno, ukishakunywa ndio unaulizwa umekuja na habari gani. Akikukuta unapita anakula anakwambia umealikwa. Sasa hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtu wa adabu hivyo hakufukuzi. Atakwambia njoo kesho. Kesho ukienda hayupo, yuko shamba, na wewe umetembea kilomita tatu na tai shingoni. Kuna wiki tulipanga masomo kumi na nane tukafundisha mawili. Siku nyingi za misheni ni hizo, ni kutembea mkirudi palepale mlipotoka, kola imekuwa nyeusi, na jioni unaandika kwenye kitabu sifuri, sifuri, moja.

Sasa la kutoroka. Ndiyo, nilitaka, na nilijaribu.

Ilikuwa Januari 2005, mwezi wangu wa nne misheni. Wakati huo simu ya nyumbani ni Krismasi na Siku ya Mama tu, hii ya kupiga video kila wiki ilianza Februari 2019, nyinyi mna bahati. Sisi ilikuwa imeili Jumatatu, siku ya matayarisho, mnafua asubuhi halafu mnaenda saiba, mnalipa saa moja, mashine inachukua dakika kumi kufungua ukurasa. Nikafungua nikakuta mjomba ameandika mistari minne. Babu yangu, baba yake susu, amezikwa. Alizikwa Alhamisi. Mimi Alhamisi hiyo nilikuwa nacheka na watoto kwenye soko la Takoradi, nakumbuka kabisa nilikuwa nacheka. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuchonga, ndiye aliuza ng'ombe nikaenda sekondari. Saa yangu ya saiba ikaisha nikiwa bado naangalia ile mistari minne.

Sikumwambia mtu, hata rais wa misheni, mkubwa wetu huko, sikumpigia kumwomba ruhusa ya kuongea na nyumbani, nilikuwa na hasira. Usiku nikangoja mkufunzi akorome, nikachukua sanduku na tochi nikatoka. Nikafika mlangoni ndio nikakumbuka pasipoti iko ofisini Accra. Ona akili! Mtu anatorokea Kenya na sanduku la mashati. Nikakaa kizingitini, mbu wananila, sijui niende mbele ama nirudi ndani.

Baada ya muda nikasikia mlango. Ni yeye, na kaptura na soksi. Nikasema sasa nitaangaliwa saa. Hakuangalia saa. Alikuwa na dawa ya mbu mkononi, ile ya kuzunguka kama konokono, akaiwasha na kiberiti, akaiweka chini katikati ya miguu yetu, akakaa. Hakusema neno. Hakusoma andiko, hakuniuliza sanduku ni la nini na liko hapo mbele yake. Tulikaa mpaka jogoo wakaanza. Ndipo akaniuliza babu yako alikuwa anaitwa nani, nani alimwambia sijui, labda alisoma uso wangu pale saiba. Nikamwambia. Akajaribu kulitamka hilo jina la Kikamba, akakosea, nikamsahihisha, akakosea tena, tukaingia ndani. Saa kumi na mbili na nusu kengele ikalia akaamka akaanza pushapu kama mtu aliyelala usiku mzima.

Kwa hivyo ukiniuliza kilichonibakisha, si imani kubwa. Ni pasipoti kuwa Accra na ile dawa ya mbu. Kanisani siwezi kusimama nikasema hivyo, lakini wewe umeniuliza ukiachana na zile shuhuda.

Baadaye nikahamishiwa Cape Coast, na katikati ya 2005 misheni ikagawanywa, tukalala tuko misheni ya Accra tukaamka tuko ya Cape Coast na hatujasogeza hata kitanda. Huko ndiko nilipopenda kazi. Wavuvi wa Kifante Jumanne hawaingii baharini, ni siku ya bahari kupumzika, kwa hivyo Jumanne ndio siku ya kuwakuta ufukweni wanashona nyavu. Ukikaa tu wakakuona hauna haraka, wanakuwekea upande mmoja wa wavu ushike, na mtu aliyeshika wavu hawezi kuhubiri sana, anasikiliza. Nilijifunza kusikiliza hapo.

Na hapo hapo Cape Coast, karibu na ile ngome waliyokuwa wanapitishia watumwa, mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza swali mbele ya watu. Akasema kijana, kanisa lako mpaka Juni 1978 lilikuwa linawanyima watu weusi ukuhani, na mtu mweusi wewe umetoka Kenya umekuja kutuambia nini? Mlango ambao watumwa walitokea kuingia merikebuni tunauona kutoka tulipokaa. Nikanyamaza. Kompanioni akataka kujibu nikamkanyaga mguu. Washiriki wa pale walikuwa wanatusimulia habari za Joseph William Billy Johnson, wa mji huo huo, alihubiri Kitabu cha Mormoni tangu 1964 bila hata kubatizwa, kwa sababu hakukuwa na wa kumbatiza, akangoja mpaka Desemba 1978. Mimi hiyo haikunipa jibu, ilinipa tu kuona kwamba kuna watu waliobeba swali hilo zito kuliko mimi na hawakuliweka chini. 2013 kanisa liliandika waziwazi kwamba linazikataa zile sababu zilizokuwa zinatolewa zamani. Lakini utaulizwa, na ukikutana na mtu anadai analo jibu la sentensi moja msikilize kwa adabu tu.

Kompanioni wangu wa mwisho alitoka Idaho, na ndiye aliyenifulia. Nilishikwa na malaria, nimelala siku tano natetemeka, yeye akanipikia indomie asubuhi mchana jioni, Jumatatu akasema wacha nikufulie. Akachukua mashati yangu yote meupe akayaloweka usiku kucha na soksi zake mpya nyeusi. Asubuhi yote ni ya kijivu, kama maji ya kuoshea masufuria. Alikaribia kulia. Nilimaliza misheni nikiwa misionari wa kijivu.

Huyo huyo ndiye nilikuwa naye Juni 22, 2006. Kombe la Dunia, Ghana mara yake ya kwanza, na siku hiyo inacheza na Marekani. Sisi televisheni haturuhusiwi, kwa hivyo tulikuwa barabarani, na barabara haina hata mbuzi. Mchana mweupe. Tulijua mabao kwa kelele, mji mzima unanguruma kwa pamoja, halafu kimya, tukajua Marekani wamerudisha, halafu ukanguruma tena. 2-1. Milango ikafunguka watu wakamwagika, wakamwona Mmarekani na shati jeupe na tai, wakambeba juu! Wanamwambia pole, pole sana, wanacheka machozi yanatoka. Mama mmoja akampa waakye, wali wao wa maharagwe, bure ya kumfariji. Ile saa tuliyokuwa tumepanga kufundisha haikufundishwa, na kwenye kitabu jioni aliandika sifuri.

Sasa fomu. Usijaze kwa sababu yangu, na usijaze kwa sababu wasichana wa kanisani wanauliza nani amerudi misheni, mama yako alinikubali kwa sababu zingine, muulize. Kama unataka kuona vile unavyokaa na mtu mmoja bila kujificha, panga na yule ruumeti wako unayelalamika naye kila siku, fanya wiki moja: amkeni saa moja, kuleni pamoja, msiachane. Halafu unipigie. Askofu atangoja, nitaongea naye mimi.

Shati moja la kijivu bado liko kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama yako alitaka kulifanya kitambaa cha kupangusa meza, nikamkatalia.

Piga Jumapili mchana, si saa nane za usiku. Na susu anauliza kama unakula, mjibu, hajui kusoma meseji ndefu.

Baba yako.