Kabla Hujaiachisha Kampuni Kusimamia Nyumba Yako, Chukua Daftari

Wenye nyumba wapya, hasa nyie mliochoka na makampuni ya kusimamia majengo, mnachekesha na mnatia huruma kwa pamoja. Hesabu mnayoanza nayo tunaijua kwa kichwa. Nyumba sita za kupangisha Tabata, kila moja laki nne kwa mwezi, jumla 2,400,000. Kampuni inakata asilimia 10, yaani 240,000, na kama imesajiliwa VAT inaongeza asilimia 18 juu ya ada yake, 43,200. Zinaondoka 283,200 kila mwezi, na mtu wa kampuni mkimpigia hapokei. Basi Ijumaa jioni mnaandika barua ya kuvunja mkataba, usiku huohuo mnatupia ujumbe kwenye grupu la wapangaji: "Kuanzia leo kodi zote zilipwe kwangu." Jumatatu ndiyo mnaanza kuuliza nani kalipa hadi lini.

Haya ni kwa ambao bado hawajatuma ujumbe huo.

1. Soma kifungu cha kuvunja mkataba wako na kampuni. Notisi ni siku ngapi, na je, kampuni inaendelea kudai kamisheni kwa mpangaji iliyemleta yenyewe hata baada ya kuondoka? Dakika kumi zinatosha.

2. Barua iwe ya mwisho, daftari liwe la kwanza. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo karibu kila mgeni anapoungua, tena kwa namna ileile.

Nyumba zetu hazilipiwi mwezi kwa mwezi. Mpangaji analipa miezi sita, mwingine mwaka, mwingine alianza tarehe 1, mwingine tarehe 15. Siku yoyote utakayochagua kuachana na kampuni, utakuwa umekata katikati ya kodi ya mtu. Chukua mfano wa kukabidhiana tarehe 31 Machi. Nyumba namba 1 imelipwa Januari hadi Juni, 2,400,000 kwa mkupuo. Kampuni nyingine hazikupi zote. Zinakugawia mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo siku ya kuagana 1,200,000 ya Aprili, Mei na Juni bado iko kwao. Tena kamisheni walishaikata yote siku ya kupokea, 240,000, na nusu yake ni ya miezi ambayo hawatagusa hata komeo la geti. Hiyo 120,000 irudi au isirudi? Mkataba ukinyamaza, ni mazungumzo, na mazungumzo hayo hufanyika vizuri kabla barua haijafika mezani kwao.

Namba 2 imelipwa kuanzia 15 Februari hadi 14 Agosti. Hapo kuna miezi minne na siku 14 mbele yako, kama 1,780,000, na hizo siku 14 zisipoandikwa leo, mwezi wa nane mtagombana kama kodi mpya inaanza tarehe 1 au 15. Namba 3 kodi iliisha mwishoni mwa Februari, lakini ofisa wa kampuni alimruhusu kwa mdomo alipe kidogokidogo. Namba 4 anasema kalipa hadi Desemba. Huenda ni kweli. Huenda pia ameona geti liko wazi na mwenye nyumba mpya hana karatasi.

Halafu kuna amana, ile fedha ya dhamana anayoweka mpangaji anapoingia. Laki nne mara sita ni 2,400,000 nyingine, na iko kwenye akaunti ya kampuni kama haijaliwa. Mpangaji akihama hatakwenda ofisini kwao. Atakuja kwako, na risiti yake itakuwa halali. Kampuni ilikuwa wakala wako: ilichopokea kwa jina lako kinakufunga wewe, na ugomvi wa nani kala nini ni wenu wawili, mpangaji hahusiki. Kwa hiyo mgeni anayekurupuka huishia kuwahudumia wapangaji miezi minne bila kodi kuingia, huku akirudisha amana ambazo hakuzishika, halafu anasema kujisimamia hakulipi.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, ukiwa bado mteja mwema, iombe kampuni taarifa ya kawaida: majina ya wapangaji, tarehe ya kuanza, kodi imelipwa hadi lini, amana kiasi gani, nakala za mikataba, namba za mita za LUKU, usomaji wa mwisho wa sabmita za maji (mita ndogo za kila nyumba), idadi ya funguo. Mteja yeyote ana haki ya kuomba hayo, hakuna atakayeshtuka. Pili, mpe kila mpangaji karatasi ya ukurasa mmoja ajaze mambo hayohayo kwa mkono wake, asaini, na apige picha risiti zake. Tatu, chora safu tatu: kampuni inasema nini, mpangaji anasema nini, benki yako inaonyesha umepokea nini. Panapolingana, weka alama uende mbele. Pasipolingana, risiti iliyo mkononi mwa mpangaji ndiyo inayoshinda mpaka kampuni ithibitishe kwamba ni ya kughushi. Neno la mdomo lisilo na risiti halihesabiwi, hata kama mpangaji ni mcha Mungu na anakuletea maandazi.

Hapo ndipo unaandika barua. Chagua siku ya mwisho ya mwezi, taja kwa tarakimu kodi ya mbele na amana zinazotakiwa kuhamishwa, ambatisha jedwali lako. Na barua ya kwenda kwa wapangaji isainiwe na pande zote mbili, wewe na kampuni: kuanzia tarehe fulani malipo yaende akaunti fulani, na yote yaliyolipwa kabla ya hapo yanatambuliwa. Ujumbe wa WhatsApp kutoka namba wasiyoijua, unaowaambia wabadilishe akaunti ya kulipia, mpangaji mwenye akili anauchukulia kama utapeli. Hajakosea.

3. Angalia mikataba ya pango imesainiwa kwa jina la nani. Ikiwa kampuni imesaini "kwa niaba ya" mwenye nyumba, mikataba inaendelea kuwa yako. Ikiwa imesaini kama mpangishaji yenyewe, unahitaji hati ya kuhamishiwa haki au mikataba mipya. Ukiandika mipya, lipia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Kwa 4,800,000 ni 48,000, ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mnaona ni hela ya bure mpaka siku mnapokwenda baraza la ardhi, mkataba unakataliwa kama ushahidi hadi ulipiwe na faini juu.

4. LUKU na maji. Simu zako nyingi za usiku zitatoka huku.

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, na ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Isiponunuliwa LUKU, deni linalala kwenye mita. Nyumba ikikaa tupu miezi minne, mpangaji mpya anaingia Jumamosi jioni, ananunua umeme wa 10,000, na 6,000 yote inamezwa. Atakupigia kabla hajafungua hata sanduku. Nunua umeme kidogo kila mwezi kwenye nyumba tupu. Na kwa kuwa kodi ni ya jengo, jengo moja lenye mita sita lisikatwe mara sita. Peleka namba za mita TANESCO warekebishe.

Mita moja kwa wapangaji watatu ni ugomvi wa kujitakia. Mteja wa D1, daraja la TANESCO la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na kwa VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. Wakichangia mita wanazidi 75, mnahamia T1, daraja la kawaida, ya 292 kwa uniti, ambayo kwa makato hayohayo ni kama 356. Yule wa feni na taa mbili anamlipia yule wa pasi na friji, na lawama ni zako.

Maji yana siri moja ambayo kampuni haitakuambia kwa sababu nayo haikuwahi kuitafuta. Mita kubwa ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, inasema uniti 62, sabmita sita ukizijumlisha zinasema 49. Zimepotea 13, sawa na lita 13,000, na wapangaji wanaanza kutazamana. Mara nyingi hakuna mwizi. Sabmita hizi za kawaida hazihesabu maji yanayopita kwa mtiririko mwembamba sana. Choo kinachovuja taratibu usiku kucha, kwenye sabmita ni kama hakipo. Lakini maji ya mgao yanapofika, simtanki linajazwa kwa kasi, na mita kubwa inahesabu kila tone. Kabla hujamtuhumu mtu, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo cha kila nyumba, asiflashi mtu nusu saa, kisha angalia kwenye bakuli. Pakiwa na rangi, badilisha mpira wa flashi. Kisha panda juu uangalie floti ya simtanki kama inafunga, na bomba la bustani la mlinzi kama lina sabmita. Mara nyingi halina. Uniti zitakazobaki bila maelezo ziandikie kanuni kwenye mkataba mpya: zinagawanywa sawa, au wewe unazibeba.

Karo la maji taka linyonywe kabla ya masika. Februari, si Aprili.

5. Mafundi. Fundi wa kampuni atakupigia wiki ya kwanza akitaka kuendelea nawe, kwa bei ya kampuni. Muulize bei ya kazi peke yake, vifaa nunua mwenyewe. Weka stoo koki mbili za nusu inchi, floti moja, seti ya flashi, tepu nyeupe ya bomba, gundi ya PVC, breka moja na silinda mbili za vitasa. Silinda moja ni ya geti dogo, ibadilishwe siku ya makabidhiano, kwa sababu hakuna ajuaye funguo za zamani ziko ngapi mtaani.

6. Wapangaji sasa wana namba yako, na kampuni haipo tena katikati kuwa mbaya badala yako. Utapokea "Shikamoo mama, naomba univumilie hadi tarehe tano", na tarehe tano utapokea nyingine ndefu zaidi yenye msiba ndani. Vumilia ukiweza, ila kwa maandishi: kiasi, tarehe, sahihi. Siku 30 kabla kodi haijaisha tuma ukumbusho kwa wote, hata kwa asiyewahi kuchelewa, ili asionekane mtu ameandamwa. Fedha zipokelewe kwenye akaunti au Lipa Namba ya nyumba peke yake. Zikichanganyika na ada za watoto, daftari limekufa.

Na jamani, msing'oe milango. Msikate umeme, msifunge kufuli juu ya kufuli. Mgogoro unaanza kwa usuluhishi Baraza la Kata, na ndani ya siku 30 usiposuluhishwa unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni polepole, ndiyo. Lakini mdaiwa wa laki nane uliyemtolea vitu nje anageuka mdai, na kila kilichonyeshewa na mvua kitakuwa na bei. Mpangaji akitoweka, chumba kifunguliwe mbele ya mtendaji wa mtaa na mashahidi, kila kitu kiorodheshwe, wote wasaini.

7. TRA. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, anazuia asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Dai cheti, uhakikishe kina TIN yako, maana vilivyotangulia vinaweza kuwa na TIN ya kampuni uliyoiacha, na bila cheti huna cha kuwaonyesha TRA kwamba kodi hiyo ilishakatwa.

8. Nyie mlioko Muscat na London mnaosema mnajisimamia kwa sababu shemeji yuko Dar: hapo mmebadilisha kampuni tu, na hii mpya haina ofisi. Mpeni shemeji mkataba wa kurasa mbili, ada yake ijulikane, kitabu cha risiti chenye namba, na ile fomu ya safu tatu ajaze kila tarehe 3. Fedha zisipite mkononi mwake. Mpangaji alipe akaunti moja kwa moja, yeye apeleke risiti na kusoma mita. Akiona mnamdharau kwa kumwandikia yote hayo, mwacheni abaki shemeji na mtafute kampuni nyingine, safari hii yenye mkataba unaosema kodi ya mbele inakaa kwenye akaunti ya nani.