Kutukuzwa: majibu ya maswali yenu kuhusu kaburi, mwili na ule utukufu wa Warumi 8

Meseji kuhusu somo la kutukuzwa, yaani Mungu kutukamilisha roho na mwili siku ya mwisho, zimekuwa nyingi na nyingine zinafanana, kwa hiyo nimezichanganya nikabaki na hizi. Mi ni Mlutheri, mtaona hapo na pale, msinigombeze.

Bwana asifiwe mtumishi. Tumemzika mama juzi juzi, na mchungaji pale kaburini akasema mama ameshaingia utukufuni na kila kitu kimekamilika. Nilifarijika, ila najiuliza, kama kila kitu kimekamilika ufufuo ni wa nini tena? (Dada, Iringa)

Asifiwe dada yangu, na pole sana kwa msiba. Mchungaji wako kasema kweli, ila kaishia katikati. Kwamba mama yuko na Bwana hapo sina ubishi, Paulo mwenyewe aliandika anatamani kwenda kukaa na Kristo maana ni vizuri zaidi sana (Wafilipi 1:23), na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliambiwa leo hii utakuwa nami Paradiso, sio baadaye. Shida yangu iko kwenye "kila kitu kimekamilika". Mama yako sio roho tu. Ni yule aliyekubeba mgongoni, mwenye mikono ile unayoijua na sauti ile, na huo mwili sasa hivi uko chini ya udongo wa Iringa. Mungu hajauacha. Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647, Wapresbiteri wanaijua, inasema roho za waamini wakifa hukamilishwa katika utakatifu na kuingia utukufuni palepale, na miili yao, ikiwa bado imeungana na Kristo, hupumzika makaburini mpaka ufufuo. Hebu rudia hapo, mwili uliokufa na bado umeungana na Kristo! Mi kila nikienda makaburini nawaza hicho kipande.

Halafu mwangalie Bwana mwenyewe ile Jumamosi, kati ya msalaba na Jumapili ya ufufuo. Alishamwahidi yule mtu Paradiso, roho ameshaikabidhi kwa Baba, na bado wanafunzi walikuwa wanalia na walikuwa na haki ya kulia, kwa sababu mwili uko kaburini na bila Jumapili Paulo anasema imani yetu ni bure. Kwa hiyo kutukuzwa kwenyewe, kule kwa mwisho, ni pale roho na mwili vinaporudiana na kifo hakina pa kushika tena. Mama anaingojea siku hiyo kama sisi, tofauti ni kwamba yeye anangojea mahali pazuri.

Siku hizi matangazo ya vifo, hasa Kenya, yanaandika marehemu "amepandishwa utukufuni", ni msemo ambao Jeshi la Wokovu wameutumia miaka mingi. Mzuri, una heshima ya askari. Ila tukiuzoea sana tunaanza kuongea kama vile safari imeisha na kaburi ni takataka tuliyoiacha nyuma. Wasabato hapa watanishika shati, wao wanasema marehemu amelala na hajui neno lolote mpaka parapanda, wanasoma Mhubiri 9:5. Sikubaliani nao, ila kuna jambo wamelishika kuliko wengi wetu, matumaini yao yote wameyaweka kwenye ufufuo.

Warumi 8:30 inasema "hao akawatukuza", yaani imeshatokea. Sasa mbona mimi nina kisukari na madeni? Kuna mtumishi kaniambia ni imani yangu ndogo. (Kaka, Nakuru)

Kaka, kwanza dawa zako endelea kumeza na kliniki usiache. Pili, huyo mtumishi mwambie apande juu mistari michache tu, 8:23, ambapo Paulo huyo huyo anasema hata sisi tulio na malimbuko ya Roho tunaugua ndani yetu tukingojea ukombozi wa mwili wetu. Anangojea. Mtu aliyeandika "akawatukuza" bado alikuwa anaugua. Ule mstari wa 30 ni mlolongo, waliochaguliwa wakaitwa, walioitwa wakahesabiwa haki, waliohesabiwa haki wakatukuzwa, na ameuandika kama jambo lililokwisha kwa sababu kwa upande wa Mungu hakuna anayedondoka njiani. Ni uhakika, sio risiti ya kumdai Mungu gari. Na mstari wa 17 unasema tunateswa pamoja naye ili tutukuzwe pamoja naye, hicho kipande sijawahi kukiona kwenye bango la mkutano.

Kuna kitu kimeanza sasa hivi lakini, usiniambie nimekunyima chote. 2 Wakorintho 3:18, tunabadilishwa toka utukufu hata utukufu. Hiyo ni tabia inabadilika polepole, hasira inapungua, unaanza kusamehe watu ambao zamani usingewasalimia. Sukari inaweza isishuke na hayo yakawa yanaendelea.

Mjomba wetu alikuwa kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, mwili haukupatikana. Bibi mpaka leo anasema hatafufuka vizuri kwa sababu hakuzikwa. Nimjibu nini? (Mwanza)

Pole kwa bibi, ule msiba wa Mei 1996 kanda ya ziwa hawajausahau. Msomee Ufunuo 20:13, bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake. Yohana aliliwaza hilo.

Na mwambie hofu yake kuna watu walijaribu kuitumia makusudi. Mwaka 177 kule Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa, miili yao ikachomwa na majivu yakamwagwa mto Rhône, na barua iliyohifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa la kwanza, inasema watesi walifanya hivyo ili wale watu wasiwe na tumaini la kufufuka. Walidhani wamemshinda Mungu kwa mto! Kanisa halikutetereka. Karibu kwetu, Namugongo kule Uganda, tarehe 3 Juni 1886 mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto, na kila mwaka watu wanatoka mpaka Tanzania na Kenya kwenda kusali pale, hakuna anayeuliza kama waliungua kupita kiasi. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anatumia mbegu, unachopanda sio ule mwili utakaokuwa, ni punje tu, na Mungu huipa mwili apendavyo. Aliyeumba kwa mavumbi hashindwi na maji ya Ziwa Victoria. Bibi akikubali mfanyieni mjomba ibada ya kumbukumbu, msalaba na jina lake vikae kwenye makaburi ya ukoo. Sio kwa ajili ya kumsaidia mjomba, ni kwa ajili ya bibi.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka 14 na hajawahi kutembea wala kuongea. Watu wananiambia mbinguni atakuwa mtu mwingine kabisa. Mimi simtaki mwingine, namtaka huyu. (Mama, Morogoro)

Mama yangu, hili nimelikalia muda kabla ya kuandika.

Hatakuwa mwingine. Angalia Yesu alivyofufuka, Mariamu Magdalena alimtambua alipoitwa kwa jina lake, wanafunzi wakamwona akila samaki wa kuokwa (Luka 24), Tomaso akaambiwa lete mkono wako hapa. Ni yeye yule, na makovu anayo. Wafilipi 3:21 inasema atabadili mwili wetu wa unyonge ufanane na mwili wake wa utukufu. Atabadili, hajasema atatupa alete mpya. Na Paulo akisema "mwili wa roho" hamaanishi kivuli au moshi, kivuli hakili samaki, anamaanisha mwili unaoendeshwa na Roho wa Mungu kabisa, bila udhaifu.

Kwa hiyo atatembea? Ndio, nasema bila kusita, Isaya 35 inasema kilema ataruka kama kulungu na ulimi wa bubu utaimba. Ataongea na wewe, na mtoto atakayeongea ni huyu huyu unayemgeuza usiku asipate vidonda. Augustino, askofu wa Hippo huku Afrika Kaskazini, aliwahi kuandika kwamba huenda kwenye miili ya mashahidi tutaona alama za majeraha yao, sio kama kasoro ila kama uzuri. Kipi kwa mwanao kitabaki kama alama ya namna hiyo siwezi kukupangia. Ila hao wanaokwambia "mtu mwingine" nadhani wanaongea kwa kuogopa kumwangalia alivyo sasa.

Rafiki yangu Muorthodoksi anasema lengo la wokovu ni sisi kufanywa miungu. Si kufuru hiyo? (Kampala)

Inashtua ukiisikia mara ya kwanza, lakini ni lugha ya zamani sana, Athanasio wa Aleksandria aliitumia karne ya 4, huyo huyo aliyepigania uungu wa Kristo mpaka akafukuzwa mji wake mara kadhaa. Wanamaanisha kushiriki uzima wa Mungu kwa neema, kama 2 Petro 1:4 inavyosema, washirika wa tabia ya Uungu. Hawasemi tutaabudiwa. Muulize vizuri, utakuta mnakaribiana.

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tunaombea marehemu wetu toharani. Kwenu hakuna? (Moshi)

Milele amina. Kwetu toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, hakuna, sisi tunaona roho inakamilishwa na Kristo papo hapo. Ila kuna historia yenu naipenda, Papa Yohane XXII alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu, wanateolojia wakampinga waziwazi, akalikana hilo kabla ya kufa 1334, na aliyemfuata, Benedikto XII, akatangaza rasmi 1336 kwamba waliotakaswa wanamwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Kwa hiyo hapo mwishoni mimi na wewe tunasema kitu kimoja, tunabishana tu kuhusu njiani.

Kama kutukuzwa ni uhakika basi nitulie tu nifanye ninavyotaka?

1 Yohana 3:2 inasema tutafanana naye, na mstari wa 3 palepale unasema kila mwenye matumaini haya hujitakasa. Kama hutaki kabisa kufanana naye leo, sielewi unaisubiri hiyo siku ya nini.

Tutafufuka na umri gani? Bibi yangu kafa na miaka 91. (Dar)

Biblia haijasema. Augustino alifikiria kama miaka thelathini hivi, karibu na umri wa Kristo, hata kwa waliokufa wachanga na kwa wazee, ila hayo ni mawazo yake. Bibi wa miaka 91 mwenye magoti ya miaka thelathini, mi naona sio mbaya.