Barua za Wasafiri: Hoteli Ndogo za Tanga, Upepo Wake na Stara Yake

Barua nyingi zilizofika mezani pangu mwezi huu zinahusu hoteli ndogo za kisasa, zile zenye vyumba vinane au kumi na viwili, ambazo familia nyingi siku hizi huzichagua kwa mapumziko ya siku mbili tatu mjini. Kwa kuwa wengi wa walioandika wanakusudia kuja Tanga, mji ambao nilifanya kazi ya mapokezi, na baadaye usimamizi wa vyumba, kwa miaka kumi na tisa, nimechagua barua tano na kuzijibu kwa kuutazama mji huu.

*Shikamoo mama. Mimi na mke wangu tutatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi Februari, nasi tunataka kulala Tanga usiku mmoja katika hoteli ndogo ya kisasa ambayo tumeziona picha zake kwenye simu. Bei yake ni mara tatu ya gesti nzuri tuliyoizoea. Je, tofauti hiyo ina maana, na tuulize nini kabla ya kutuma pesa?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu awazidishie miaka mingine. Kwanza naomba muongeze usiku mmoja. Safari ya basi kutoka Morogoro kupitia Chalinze, Segera na Muheza hula sehemu kubwa ya siku, na kwa kuwa hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia saa nane mchana na kuwataka waache chumba saa nne asubuhi, usiku mmoja utawapa chakula kimoja cha jioni na usingizi tu. Wenyeji wa hapa husema «waja leo, kuondoka majaliwa», nami nimewaona wageni wengi wakiomba siku ya ziada wakati chumba chao kimekwisha kupata mtu mwingine.

Tofauti ya bei ina maana iwapo mnalipia watu. Katika hoteli ya vyumba kumi, mhudumu hukumbuka kwamba mgeni wa chumba cha tatu hanywi chai ya maziwa, mpishi hupita jioni kuuliza kama asubuhi mtapenda mahamri na mbaazi za nazi au mayai, na anayewaambia kwamba changu ameletwa leo kutoka soko la samaki la Deep Sea ndiye aliyekwenda kumnunua. Gesti haina watu wa kutosha kufanya hayo, na hoteli ya vyumba mia ina wageni wengi mno. Fedha zikiishia kwenye taa za kuning'inia na mito ya mapambo inayotolewa kitandani kila jioni na kuwekwa sakafuni, mtakuwa mmelipia picha mlizokwisha kuziona bure.

Kabla ya kutuma pesa, pigeni simu, msiishie kwenye ujumbe. Ulizeni kwanza habari ya upepo. Februari ni msimu wa kaskazi, joto la Tanga linakuwa kali, na upepo hutoka kaskazini mashariki. Mji umekaa upande wa kusini wa ghuba, kwa hiyo chumba kinachotazama maji na Kisiwa cha Toten huupokea upepo huo moja kwa moja. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, mambo hugeuka, na chumba cha nyuma ambacho wageni hukikataa kwa sababu hakioni bahari ndicho huwa na ubaridi. Ulizeni pia kama madirisha yanafunguka. Swali hili huwashangaza vijana wa mapokezi, lakini nimeingia katika majengo mapya yenye ukuta wa kioo kisichofunguka, yanayotegemea kiyoyozi usiku na mchana. Umeme ukikatika, na jenereta ikawa na nguvu ya kuwasha taa pekee, mgeni hulowa jasho kitandani. Waliojenga nyumba za zamani za mji huu waliweka dari za juu, madirisha yanayotazamana na baraza pana za kuzuia jua lisifike ukutani. Hoteli iliyokarabati nyumba ya namna hiyo na kuyaacha mambo hayo mahali pake, kwangu mimi, imestahili kuitwa ya kisasa kuliko ile ya vioo.

Jambo la mwisho ni maji. Ulizeni kama kuna tangi la akiba na hita inayofanya kazi, kisha mkifika, kabla ya kufungua mizigo, fanyeni kama nilivyokuwa nikifanya katika ukaguzi: fungueni bomba la mvua kwa dakika tano mtazame maji yanaelekea wapi. Sakafu ya saruji iliyong'arishwa inapendeza sana, lakini fundi asipoipa mwinamo wa kutosha, na bafu likakosa kizingiti, maji hutoka taratibu kama uzi, hupita chini ya kabati, na hufika kwenye miguu ya kitanda kabla anayeoga hajafunga bomba. Mkiliona hilo mapema mtabadilishiwa chumba bila maneno.

*Mama yangu amestaafu ualimu, nami nikamleta Tanga apumzike. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, lakini bafu lilitengwa na chumba kwa kioo kitupu, bila pazia, na choo hakikuwa na mlango. Mama alikataa kuoga mpaka nitoke nikakae koridoni, na usiku wa manane alishuka chini kutumia choo cha mgahawa. Meneja alinijibu kwamba ndivyo zilivyo hoteli za kisasa duniani kote. Je, nilikosea kulalamika?*
Binti wa mwalimu, Dar es Salaam

Hukukosea hata kidogo, mwanangu, na barua yako imeniuma, kwa maana mama mtu mzima hapaswi kushuka ngazi usiku katika nyumba ya wageni kwa kutafuta stara ambayo amekwisha kuilipia.

Ukuta wa kioo una sababu zake. Chumba kikiwa kidogo, kioo huruhusu mwanga wa dirisha ufike bafuni na hufanya macho yaone nafasi kubwa kuliko iliyopo, na wachoraji ramani wa hoteli za miji mikubwa hudhani kwamba kila chumba kitalaliwa na mume na mke au na mtu mmoja. Kwetu haiko hivyo. Wanaolala chumba kimoja ni mama na binti, shangazi na mpwa, ndugu wawili waliokuja msibani au harusini. Tazama nyumba ya Kiswahili pale mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga: mbele kuna baraza, na mgeni asiyejulikana huishia hapo; katikati kuna ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, kila mlango ukiwa na pazia lake; choo na bafu viko uani, nyuma kabisa, mbali na macho ya anayepita. Aliyeipanga nyumba hiyo alianza na swali la nani ataonwa na nani, kisha ndipo akapanga vyumba. Hoteli inayojengwa hatua chache kutoka mitaa hiyo ina mwalimu wa bure, na meneja aliyekujibu vile angefaa kutembea huko asubuhi moja.

Safari nyingine, omba utumiwe picha ya bafu pamoja na ya kitanda, na useme wazi utalala na nani. Ukikuta hali kama ile, sema saa ileile na usisubiri asubuhi ya kuondoka, kwa sababu malalamiko ya siku ya kwanza humwachia meneja nafasi ya kurekebisha. Omba chumba kingine, na kama hakuna, omba pazia: fimbo na kitambaa kizito huwekwa kwa muda mfupi, na kioo chenyewe kinaweza kubandikwa karatasi ya ukungu inayopitisha mwanga na kuzuia macho. Uliza vilevile habari ya mpira wa maji wa kujitawazia chooni, na kama mama anaswali, uliza msala wa kuswalia na uelekeo wa kibla. Nilipokuwa kazini tulichora mshale mdogo wa kibla ndani ya droo ya meza ya kitanda. Haikutugharimu chochote, na wapo wageni waliorudi kwetu wakiutaja mshale ule.

*Uthibitisho wa nafasi yangu uliandikwa kwamba mwisho wa kuacha chumba ni 10:00, nami nikaelewa saa kumi jioni. Nilitozwa nusu ya bei ya siku. Tena bei niliyoiona ilikuwa ya dola, na mapokezi wakaongeza kodi juu yake. Nifanye nini siku nyingine?*
Mfanyabiashara, Korogwe

Pole sana, ndugu yangu. Programu za kuweka nafasi hutumia saa za kizungu zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi na 14:00 ni saa nane mchana. Nimeona kosa hili likiwapata hata wasomi. Unapopiga simu, sema saa kwa Kiswahili na utaje wakati wake, «saa nne asubuhi», kisha mhudumu arudie. Ukihitaji kukaa hadi alasiri, omba mapema. Hoteli ndogo isiyo na mgeni anayefuata mara nyingi hukubali bila malipo, au hukuwekea mizigo mapokezi nawe ukaendelea na shughuli zako.

Kuhusu bei, kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai bei ya shilingi tangu mwanzo. Uliza pia kama imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa sababu hapo ndipo bei ya mdomoni na ya kwenye ankara hutofautiana. Omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nawe uhifadhi ujumbe wa malipo ya awali uliyotuma kwa simu hadi utakaporudi nyumbani.

*Tutakuwa Tanga siku mbili, hatuna gari, na hatutaki kukaa hotelini kutwa. Tuchague hoteli ya upande gani?*
Vijana wawili, Arusha

Mtashukia stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na bajaji itawafikisha popote. Mnapaswa kuchagua kati ya pande mbili. Raskazone, kwenye rasi ya mashariki, ni kutulivu, kuna miti mikubwa na nyumba za zamani zenye bustani. Ndiko majeshi ya Uingereza yaliposhukia Novemba 1914 kabla ya kushindwa na Wajerumani katika vita ambavyo nyuki nao waliwashambulia askari. Katikati ya mji mtakuwa karibu na boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi, bustani za ufukweni, na Ngamiani yenye barabara zinazoitwa kwa namba, ambako jioni mishkaki na chapati hupatikana kila kona. Kwa vijana wasio na gari ningeshauri katikati ya mji, hasa hoteli inayoazima baiskeli, kwani Tanga ni tambarare na watu wake wengi huendesha baiskeli tangu utotoni.

Siku ya kwanza tembeeni mjini. Ya pili, ondokeni asubuhi kabla ya jua kali mwende mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji kwa barabara ya Horohoro. Mvae viatu visivyoteleza na mumfuate mwongozaji, maana ndani ni giza na njia hupinda. Anayependa magofu aelekee upande wa pili, Tongoni, kilomita 17 kwa barabara ya Pangani, kwenye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo.

Mkitaka kuogelea, waulizeni wahudumu habari za maji kujaa na kupwa kabla ya kuvaa nguo za kuogea. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri na huwa yametoka mbali saa nne asubuhi, nayo sehemu kubwa ya ghuba huacha tope na mikoko. Mhudumu asiyeweza kuwajibu swali hilo awaitie mlinzi. Kwa kawaida yeye ni mtu wa pwani.

*Mimi ni mkazi wa Ngamiani. Hoteli hizi zinajengwa mbele yetu, nasi huzitazama kwa nje tu. Je, mwenyeji asiyelala anaruhusiwa kuingia?*
Mama wa Barabara ya Kumi

Mgahawa wake ukiwa wazi kwa umma, ingia, dada yangu, na usisimame mlangoni kana kwamba unaomba msaada. Mwambie mlinzi kwamba unataka meza. Nenda saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea, ukae kwenye roshani, uagize chai ya tangawizi au juisi ya ukwaju baada ya kuuliza bei, kwa sababu itazidi ya mtaani. Ukimaliza, omba uonyeshwe chumba kimoja kilicho tupu, nawe utazame dirisha, bafu na pazia. Nilipokuwa mapokezi sikuwahi kumkatalia mwenyeji ombi hilo, kwa maana harusi ya mwanawe ikifika, yeye ndiye atakayeulizwa na ndugu wa mbali walale wapi.